Mwaka Baba Alipokata Chai Yote

Panga la baba lilianza kulia kabla jua halijatoka. Twa, kisha kimya. Twa, kisha kimya. Nilikuwa kitandani, mstaafu wa fomu foo mwenye wiki tatu tu za ustaafu, na mlio ule niliujua kama ninavyojua kikohozi cha mama. Baba alikuwa anakata chai. Nikavuta blanketi hadi masikioni. Halafu nikalishusha. Hii ilikuwa Desemba, na baba hakukata chai Desemba. Alikata mwezi wa saba, wakati ukungu umekaa juu ya shamba kama mgeni asiyejua kuaga, na jua halina nguvu ya kuchoma hata sikio.

Nikatoka shati likiwa mkononi. Nilimkuta katikati ya robo ya juu ya shamba, ile aliyoikata mwaka uliotangulia, ambayo sasa ndiyo ilikuwa imenona kuliko zote, majani yake yamelala sawasawa kama meza ya harusi. Nyuma yake mashina yalikuwa yamesimama uchi, yamekatwa usawa wa goti, meupe kwenye majeraha.

"Baba," nikamwita, "umepotea njia? Hii si zamu yake."

Hakugeuka. "Hakuna zamu tena," akasema. "Naikata yote."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumapili, siku moja tu kabla ya hapo, nilikuwa nimechekesha kanisa zima.

*

Baba yangu, Hezekiah, alikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye ungemtarajia kukata chai yote. Ujana wake aliumalizia Kericho, miaka kumi na mmoja akichuma chai ya kampuni, akilala kwenye nyumba za laini, zile za safu za wafanyakazi, na watu waliotoka kila upande, wa ziwani na wa milimani. Aliporudi kwetu, huku juu ya Silibwet, alirudi na miche ndani ya gunia lililoloweshwa maji, akaipanda kwa kamba. Mistari ilinyooka hadi watu wakasema ukisimama upande huu wa shamba la Hezekiah, aliye upande wa pili anaweza kukuazima kiberiti bila kuuliza uko wapi.

Njia mbili zilikatana katikati ya shamba, zikaligawa mara nne. Kila mwaka robo moja ilikatwa, ikapumzika, ikachipua upya. Robo tatu zilitulisha. Alikuwa na fimbo aliyoitia alama kwa msumari, na kabla hajakata shina aliisimamisha kando yake kama fundi anayempima mtu suti. Nilikuwa nikimwambia dada yangu, Chepngeno, kwamba baba hata akicheka anacheka robo, robo tatu anaweka akiba. Chepngeno alikuwa na miaka kumi na minne na ndiye mtu pekee wa nyumba ile aliyeniweza kwa maneno. "Na wewe," akanijibu, "unacheka zote nne, ndiyo maana huna kitu."

Mwaka wa tisini na sita mambo yakaanza kuyumba. Leo redio ilisema serikali inajiondoa kwenye chai, kesho ikasema bei imeanguka ng'ambo, nasi tukawa tunasikiliza habari za ng'ambo kama watu wenye ndugu huko. Kisha lori la kiwanda likaanza kuturuka. Tulichuma, tukabeba hadi senta, tukapanga foleni mbele ya mzani, tukangoja. Jioni ikaingia bila lori. Ukitia mkono ndani ya gunia ulikuta majani yamepata joto, joto kama la mtoto mwenye malaria, na ukiona hivyo basi, hayo si chai tena, ni ya kumwaga.

Karani wa mzani alikuwa Joab Opondo, mtu wa ziwani. Aliishi nasi miaka ishirini na Kikipsigis chake kiliishia kwenye salamu na neno boiyo, mzee, ambalo alilipachika kila mahali kama chumvi. "Boiyo!" akampigia baba kelele siku moja, mengine yote kwa Kiswahili. "Usilaumu lori. Lori limeenda kuposa! Likikataliwa huko litarudi kwetu!"

Baba alicheka, akatikisa kichwa, akalirudisha gunia lake begani na kwenda kulimwaga.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Wiki lori likija, kanisani kulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Wiki lori likikosa, ilibidi wanaume wasimame dirishani. Watu niliowajua kwa sura za Krismasi tu wakaanza kufunga kila Jumatano. Mtu mmoja wa Siongiroi alileta dume lake la kulimia, akaliacha limefungwa kwenye nguzo ya kanisa, akaenda zake nyumbani bila kugeuka nyuma. Nilimweleza Dorine, binti wa Joab, kwamba Mungu naye angekuwa na akili angemwambia dereva wa lori apotee kabisa. Dorine alizaliwa kwetu na alisema Kikipsigis kama sisi. Aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Alipocheka alijifunika mdomo kwa daftari la nyimbo, nami ningeweza kusema jambo lolote, juu ya mtu yeyote, ili kuliona daftari lile likipanda.

Baba hakuongeza wala kupunguza. Alitoa alichokuwa akitoa siku zote. Lakini mwezi wa kumi na moja Chepngeno alifanya mtihani wa darasa la nane, na mwalimu mkuu akapanda kilima kwa miguu yake kumwambia baba ajiandae na karo, huyu msichana ataitwa shule kubwa. Tangu siku hiyo nilimwona baba jioni akisimama pale njia zinapokatana, amekumbatia fimbo yake, akitazama robo hii na robo ile, kama mtu anayetafuta ya tano.

*

Mkutano wa Desemba ulileta mhubiri kutoka Kisii, Mogaka, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alihubiri kwa Kiswahili. Vijana tulikisikia, tulikisomea. Wazee, kwa tulivyodhani, walihitaji kutafsiriwa kwa Kikipsigis. Mkalimani wetu wa siku zote, Mzee Aron, alikuwa amekaukiwa na sauti. Mchungaji akatupa macho kwenye viti, akanyoosha kidole. "Kipkurui. Wewe umesoma. Kuja."

Mama alinipigia pasi shati kwa mkaa ambao haukuwa umewaka vizuri, likabaki na kovu kolani. Baba aliketi benchi la mbele. Hakuwahi kuketi benchi la mbele.

Nataka niseme ukweli wote wa jambo hili: nilikuwa hodari. Mogaka alipopaza sauti, nilipaza. Alipopiga mguu, nilipiga. Alisimulia juu ya mjane aliyebakiwa na unga wa mwisho, akatakiwa ampikie kwanza mtu wa Mungu, ndipo yeye na mtoto wake wale kitakachobaki. Nilisimulia vizuri. Nilimpa mjane kilemba na kikohozi. Watu wakaanza kutabasamu, na tabasamu la watu wengi ni kitu kibaya kumpa mtu kama mimi.

"Mungu hataki masalio!" akasema Mogaka.

"Mungu hataki masalio," nikatafsiri. Nikatazama upande wa kwaya. Halafu nikaendelea, kwa mkono wa mhubiri na mguu wa mhubiri, lakini kwa maneno yangu: "Nyinyi mnampimia Mungu kwa fimbo yenye alama! Mnakata robo ya chai, robo tatu mnaweka, eti Mungu akilala nisife njaa! Nani hapa amewahi kukata shamba lote, akatupa fimbo, akasema, Bwana, sasa chipusha wewe?"

Kanisa likapasuka. Kila mtu pale alijua fimbo ya nani. Vijana waliangua kicheko mara mbili, mara moja kwa utani wenyewe, mara nyingine kwa kuwa walisikia wazi kwamba mhubiri hakuwa amesema hivyo. Mogaka alitabasamu, akidhani unga wake umeiva. Daftari la nyimbo lilipanda hadi machoni.

Baba hakucheka hata robo. Alikuwa amevua kofia, ameiweka magotini, na alikuwa ananitazama. Sijui niieleze vipi ile sura. Nilikuwa nimemwona akitazama hivyo mara moja tu, chipukizi la kwanza lilipotoka kwenye robo iliyokatwa.

*

Alikata siku sita. Mama alijaribu siku ya kwanza. Alisimama mbele ya shina, mikono kiunoni, akamwambia jua la Januari linakuja, hata mtoto anajua chai iliyokatwa kiangazi inaungua. Baba akazunguka, akakata shina lililofuata. Jirani walikuja mpaka kwenye ua wakasimama. Hakuna aliyeingia. Baadhi yao walivua kofia.

Afisa wa kilimo alikuwa ametufundisha miaka yote kwamba matawi ukishayakata usiyatoe shambani. Yaache yalale juu ya mashina, yayafunike yasipigwe na jua, yaoze yawe mbolea. Baba alilijua hilo kuliko afisa mwenyewe. Lakini Jumapili iliyofuata aliwafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akapakia matawi yote, majani bado yanang'aa, akayapeleka mbele ya kanisa. Safari tatu. Wazee wa kanisa walishauriana kwa macho. Sadaka ya mahindi wanaijua, ya kuku wanaijua. Hii haikuwa na mahali pake. Mwishowe mchungaji aliiombea, na akina mama wakaipeleka nyuma, jikoni.

Wiki nzima wageni wa kanisa walichemshiwa chai kwa kuni za chai ya baba. Hata mimi nilipewa kikombe. Nilikuwa na maneno manne tayari ya kuchekesha juu ya jambo lile, mazuri yote, na nilikunywa bila kusema hata moja.

Barua ya Chepngeno ilikuja katikati ya Januari. Shule kubwa kweli, ya mbali, yenye nembo juu ya karatasi. Baba alimwambia asome kwa sauti, kisha asome tena. "Ngoja kidogo tu," akamwambia. "Ikichipua." Akaikunja barua na kuiweka ndani ya kofia yake, kofia akaivaa.

Mvua ya Februari haikuja. Ya Machi haikuja. Mwaka ule wa tisini na saba nchi yote ilikauka, lakini jirani zetu walikuwa na majani ya kufunika mashina yao, yalinyauka tu na kungoja. Yetu yalisimama uchi juani. Magome yakaanza kupasuka upande wa magharibi, upande jua la alasiri linapopiga, yakabanduka kama rangi kwenye mlango. Kila asubuhi baba alipita mstari kwa mstari, akipiga magoti mbele ya kila shina. Alikwaruza gome kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome, shina lililo hai huwa la kijani, kijani kibichi chenye maji. Lililokufa ni kahawia. Akipata la kijani alilifunga uzi wa mgomba. Nilizoea kumwona amepiga magoti hivyo. Ukimtazama kwa mbali ungedhani anasali, na ungekuwa hujakosea.

Nilikwenda kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza nilifika nikamuuliza kama anataka maji. Mara ya pili nilianza vizuri kabisa, "Baba, ile siku ya mkutano," akainua uso, na kulikuwa na mwanga usoni mwake, kana kwamba nimemletea neno jingine. Nikasema kwaya iliimba vizuri. Mara ya tatu nilikutana na Chepngeno njiani.

"Unaenda kumwambia," akasema. Hakuuliza.

"Wewe ulijua?"

"Kipkurui, nimefanya mtihani wa Kiswahili juzi. Kila mtu chini ya miaka ishirini alijua." Alikuwa amebeba mtungi na aliutua chini polepole. "Mimi pia nilicheka. Nilicheka mpaka mama akanifinya."

"Basi nimwambie. Nimwambie Mungu hakuomba kitu. Ni mimi nilikuwa napiga domo."

"Halafu yeye abaki na nini?" akasema dada yangu, miaka kumi na minne. "Shamba halipo. Sasa anaamini alimpa Mungu. Ukimwambia, atakuwa amempa nani?"

Sikumwambia.

Mwezi wa tano Chepngeno alipata mtu wa kumwongoza, akaenda Kericho kuchuma chai ya kampuni. Alivaa sketi ya shule kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzima. Kwa umri hawakupaswa kumchukua, lakini aliyemwongoza alijua jinsi ya kusema. Baba alimsindikiza hadi barabarani, akamwonyesha kwa mikono yake mitupu jinsi ya kuvunja majani mawili na chipukizi bila kuumiza kidole. Alivunja hewa, akaitupa begani kwenye kikapu kisichokuwepo. Mara mbili, mara tatu. Chepngeno aliangalia kwa makini kama mtu asiyejua, yeye aliyechuma tangu darasa la pili. Kabla hajaondoka alinivuta sikio. "Baki na maneno yako," akasema. Alitaka iwe utani. Ilifika nusu njia tu.

*

Mvua ilikuja mwezi wa kumi, na ilipokuja haikujua kusimama. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda na maji. Mashamba ya jirani yalivimba kwa majani hadi mikono ya wachumaji ikashindwa. Katikati ya ule ukijani wote shamba letu lilikaa kama jino bovu, meusi mashina yote, isipokuwa hapa na pale penye uzi wa mgomba.

Siku moja mvua ilipopumua nilimkuta baba robo ya juu, pale alipoanzia. Alikuwa anakwaruza mashina aliyokwisha kuyakwaruza mara mia. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa udongo. Nilisimama nyuma yake, na labda kwa kuwa sikuuona uso wake, maneno yakatoka.

"Baba. Ile siku. Mhubiri hakusema habari ya chai. Hakusema fimbo. Niliongeza mimi, ili watu wacheke."

Kidole chake kilisimama kwenye gome. Kisha, bila kugeuka, alinijibu. Na alinijibu kwa Kiswahili.

Sikuwahi kukisikia kinywani mwake. Kilikuwa Kiswahili cha nyumba za laini, cha miaka kumi na mmoja, kizito, kimekwaruzika, lakini kilitembea kwa miguu yake chenyewe.

"Mimi najua," akasema baba. "Nilisikia yeye. Yeye alisema mama na unga. Chai ni wewe ulisema."

Nilimkumbuka mbele ya mzani wa Joab Opondo, akicheka utani wa Kiswahili. Mahali pa kucheka.

"Sasa kama ulijua," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, "kwa nini ulikata?"

Akapangusa ukucha wake kwenye suruali. Alichukua muda, kama anayapanga maneno kwa kamba.

"Wewe tangu usaliwe ni kucheka tu. Kwa chakula unacheka. Kwa matanga unacheka. Mimi kila siku naomba Mungu: huyu kijana, mshike hata siku moja. Siku moja tu. Hiyo siku naona umesimama mbele ya watu wote, unasema shamba yangu. Unasema na nguvu. Nikajua huyu si Mogaka anaongea. Nikasema, leo Mungu amemshika."

Aliinuka kwa kushikilia shina, likakatika mkononi mwake, kavu, akaliweka chini taratibu kana kwamba angeliamsha. Akahamia mstari wa pili. Mvua ilianza tena, nyembamba, ikitoka upande wa Kericho, na nilitafuta neno moja tu la kumfanya acheke, hata robo. Mimi, Kipkurui. Nilitafuta kila mahali.

Nikapiga magoti kwenye shina lililofuata, nikakwaruza kwa ukucha. Kahawia. Nikahamia lingine.